Sindano na jiwe la mvua: wahusika wanapogombana mezani

Sindano aliiba jiwe la mvua usiku wa mbalamwezi, sebuleni kwangu Kirumba, Mwanza, wenzake wakiwa wamemzunguka na sinia la karanga katikati ya meza. Hakunyanyuka hata kwenye kiti. Alinisogezea kikaratasi kilichokunjwa mara nne: "Nachukua jiwe. Wasijue." Nikamwonyesha kwa ishara arushe dadu yake ya pande 20. Ikasimama kwenye 17. Basi, jiwe likawa lake.

Sindano si mtu. Ni mhusika wa mchezo wetu wa kusimulia, mwizi mwembamba wa bandarini anayeishi kwenye karatasi moja iliyochakaa pembeni, na anayemchezesha ni kijana fundi simu, mcheshi, ambaye sijawahi kusikia amemdhulumu mtu hata shilingi. Siri yenyewe haikudumu nusu saa, kwa sababu mwenye siri alikuwa anacheka peke yake. Ilipofichuka, dada mmoja aliyekuwa amelisaka jiwe hilo kwa vikao sita, ili mhusika wake alirudishe kisiwani kwao ambako mvua ilikuwa imegoma miaka mitatu, aliuliza maneno matatu tu: "Kwa nini sasa?"

"Si mimi, dada," fundi simu akajibu. "Ni Sindano. Mhusika wangu angefanya hivyo."

Dada akakunja karatasi yake, akaitia kwenye mkoba, akaita bodaboda. Mbalamwezi mbili zikapita hatujamwona.

(Nasema mbalamwezi kwa sababu kalenda ya meza yetu ni ya mwezi. Mmoja wetu anafanya biashara ya dagaa pale sokoni Mwaloni. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika, naye anapata nafasi ya kuja kucheza. Sijui kama kuna wachezaji wengine duniani wanaopangiwa ratiba na dagaa.)

Tangu usiku ule nimeulizwa mara nyingi na wanaoanzisha meza zao, Nyegezi, Igoma, hata Sengerema ng'ambo: wahusika waruhusiwe kugombana wao kwa wao, au ipigwe marufuku? Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Siku hizi naona swali lenyewe limekaa upande, maana neno "ugomvi" hapa limebeba vitu kadhaa visivyo ndugu, na anayevifunga kwenye kanga moja lazima apotee njia.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye meza ya aina hii, huu ni mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji ana mhusika mmoja, mwenye nguvu na udhaifu ulioandikwa kwa namba. Mtu mmoja, anayeitwa mwendesha mchezo, hana mhusika wake. Yeye ndiye ziwa, upepo, askari, fisi na mama ntilie. Anaeleza kilichopo, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule, dadu inarushwa. Kampeni moja, yaani hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao, inaweza kwenda mwaka mzima, mhusika akikua kidogo kidogo kama mtoto wa kulea. Kumbuka hilo la mtoto wa kulea, tutalirudia.

Watu wengi hudhani michezo hii ilizaliwa ikiwa ya ushirikiano, kisha ugomvi ukaja baadaye kama magugu maji yalivyoingia ziwani. Ilikuwa kinyume chake. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita, aliandaa mchezo uliopewa jina la Braunstein, yaani mji wa kubuni wa Ujerumani enzi za Napoleon. Badala ya kuwagawia wachezaji majeshi, aliwapa watu: huyu meya, yule mkuu wa chuo, na kadhalika, kila mmoja na nia yake mfukoni. Mpango wake ulikuwa wamwendee kwa zamu, kwa utaratibu. Hawakumsikiliza. Walijitenga pembeni wawili wawili, wakapanga njama, wakasalitiana, na wawili wakatangaza kupigana ana kwa ana ilhali yeye hakuwa na kanuni yoyote ya mapigano ya watu wawili. Wesely aliona ameharibu. Wachezaji wakamwomba aandae mwingine.

Miongoni mwa walionogewa alikuwa Dave Arneson, ambaye miaka michache baadaye alianza kuchezesha ulimwengu wake wa Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Gygax aliishi Lake Geneva, Wisconsin, mji mdogo wa kando ya ziwa, na sisi wa kando ya ziwa hatukosi kulitaja hilo.

Kilichobadilika kati ya Braunstein na hapo ni pango. Arneson aliwaingiza wachezaji chini ya ardhi, gizani, penye wanyama wa ajabu mbele na hazina nyuma yao, na huko anayejitenga anakufa. Mpiganaji anahitaji wa kumfunga kidonda, mchawi anahitaji wa kusimama mbele yake, wote wanahitaji mtu wa kufungua kufuli. Kundi likazaliwa kwa shida, kama makundi mengi. Na namba zote za mchezo zikapangwa kwa ajili ya kundi lililotazama nje, kila mkuki umeelekea gizani. Sasa geuza mkuki mmoja uelekee ndani uone.

Chukua hesabu rahisi. Wahusika wawili wanang'ang'ania kitu, kila mchezaji anarusha dadu ya pande 20. Wakiwa sawa kwa kila hali, kila mmoja ana nafasi ya asilimia 47.5 ya kushinda, na asilimia 5 ni sare. Hapo hakuna wa kulalamika. Lakini mmoja akiwa na nyongeza ya 5 kumzidi mwenzake, jambo la kawaida kabisa kwa mwizi anayeficha kitu mbele ya mtu ambaye namba zake ziko kwenye kutibu, anashinda mara 70 katika 100. Mwenzake mara 26 hivi, na zilizobaki ni sare. Mwizi aliandikwa awe hodari wa kupita mbele ya majini na walinzi wa kaburi. Akigeukia mkoba wa rafiki yake, rafiki ameshashindwa tangu siku karatasi zilipojazwa. Tunaita mashindano, lakini ni mwanamieleka na muuza maandazi.

Kwa upanga hali ni mbaya zaidi. Katika matoleo ya awali ya mchezo wa Arneson na Gygax, uchawi wa usingizi haukumpa mlengwa wa ngazi ya chini hata nafasi ya kurusha dadu ajinusuru: mwenye uchawi anatamka, mpiganaji analala, kisu kinamaliza. Dhidi ya kundi la majambazi ni ujanja mzuri. Dhidi ya mtu uliyekuja naye kwenye daladala moja, ni mauaji ya sekunde mbili na safari ya kimya ya kurudi nyumbani.

Na waandishi wenyewe hawakuwa malaika. Kitabu cha wachezaji cha mchezo huo, cha mwaka 1978, kilimweka humo humo shujaa mtakatifu aliyekatazwa kushirikiana na waovu, na muuaji wa kukodiwa ambaye kwa kanuni lazima awe mwovu. Kurasa chache kati yao. Wachezaji wawili wanachagua kila mmoja anachokipenda, hawana kosa lolote, na kampeni imeshawekewa petroli na kiberiti kwenye kabati moja.

Ukisikia hayo unaweza kusema basi, marufuku. Ila ipo michezo iliyojengwa juu ya usaliti, na watu hutoka humo wakikumbatiana. Paranoia, wa mwaka 1984, unawaweka wahusika katika mji wa chini ya ardhi unaotawaliwa na kompyuta yenye wasiwasi. Kuwa na nguvu zisizo za kawaida ni kosa la kifo, kuwa mwanachama wa chama cha siri ni kosa la kifo, na kila mhusika ana vyote viwili. Kazi yao ni kuwasaka watu kama wao wenyewe. Lakini kila mhusika ana nakala sita. Ukipigwa risasi mgongoni na rafiki yako, nakala yako ya pili inaingia kwa mlango wa mbele na kuuliza mmefikia wapi. Fiasco, wa Jason Morningstar, wa 2009, hauna hata mwendesha mchezo. Watu watatu hadi watano wanajenga uhusiano kati ya kila jirani na jirani mezani, wanatengeneza mpango wa kipumbavu, na kila mtu anajua tangu mwanzo kwamba utaishia vibaya. Usiku mmoja tu, kesho hakuna.

Hapo ndipo mtoto wa kulea anarudi. Tofauti kubwa ya michezo hii na kampeni yetu ya mwaka mzima ni bei ya kupoteza. Kwenye Paranoia kifo ni bei ya pipi. Kwenye kampeni ndefu, mhusika ni Jumamosi za mtu, ni nauli yake, ni muda aliomwomba mume au mama yake. Anayemuua mhusika huyo kwa utani ameiba muda wa mtu wa kweli, na hapo kusema "ni mchezo tu" hakusaidii.

Sasa nitoke kwenye visu, maana visu ndiyo sehemu rahisi. Ugomvi ninaoupenda, ule unaofanya karanga zisahaulike kwenye sinia, ni wa nia mbili halali zinazogongana.

Kampeni yetu ni ya chombo cha injini kinachobeba abiria kati ya visiwa vya ziwa la kubuni linalofanana na letu, ila lina majini na maziwa ya chini kwa chini. Mwalimu mmoja wa sekondari anamchezesha Nahodha, mtu wa kiapo. Mfanyabiashara wa dagaa, mwanaume wa miraba minne, anamchezesha Bibi Karabai, ajuza mwenye ulimi wa wembe, ambaye ni mama mkwe wa Nahodha. Usiku mmoja Nahodha alifunua turubai na kukuta chini yake makokoro, nyavu zinazozoa hata vifaranga, alizoapa mbele ya mwenye ziwa kwamba hazitapanda chombo chake.

"Mama, mzigo huu ni kokoro."

"Ni nyavu, baba. Samaki hajui jina lake."

"Niliapa."

"Uliapa ukiwa umeshiba. Wajukuu zangu hawajaapa."

Nikashika dadu, nikidhani nitaombwa. Hakuna aliyeitazama. Walivutana hivyo robo saa nzima, mkwe na mkwe, yule mmoja akishindwa kumtazama mwenzake usoni kama adabu ya ukwe inavyotaka, hata kwenye mchezo, hata mama mkwe akiwa na ndevu. Kisha mwalimu akainua kiganja na kutoka nje ya Nahodha kwa muda. Akauliza kwa sauti yake ya kawaida: "Ndugu yangu, nikizitupa majini, ataumia nani, wewe au Bibi?"

"Bibi ataumia sana," akasema mfanyabiashara. "Mimi nataka nione utazitupaje."

Akazitupa. Bibi Karabai hajamsalimia Nahodha hadi leo, na wanaomchezesha wawili hao waliondoka pamoja kwa pikipiki moja.

Ukitaka kuelewa mada hii yote, kaa kwenye swali lile la mwalimu. Ataumia nani, wewe au Bibi? Kila ugomvi wa wahusika unabebwa na watu wawili waliovaa watu wawili, na maumivu yanaweza kutua kwa yeyote kati yao. Yakitua kwa mhusika, ni hadithi. Yakipenya hadi kwa mchezaji, mchezo umeshaisha hata kama dadu bado zinazunguka.

Sisi huku hatuhitaji kufundishwa jambo hili na watu wa mbali, tuna utani. Mtani anaweza kuja msibani kwako akashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe pesa. Anaweza kukuita mlafi mbele ya wakwe zako. Hukasiriki, na hata ukikasirika unajua huna pa kushtaki, kwa sababu uhusiano ulikuwepo kabla ya tusi. Wazee walikubaliana zamani kwamba kabila hili na lile, babu na mjukuu, shemeji na shemeji, wanataniana. Mtu mwingine akikwambia maneno yale yale barabarani, ni ngumi. Mtani anajua yuko kwenye utani, na anayetaniwa naye anajua. Usiku wa jiwe la mvua, aliyekuwa anajua ni mmoja, na mimi niliyepokea kikaratasi. Dada hakuwa mtani wa mtu. Alikuwa mlengwa.

Usukumani kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, wa ngoma. Vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na ukienda Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe ya Bulabo mwezi Juni, utaona namna wanavyoshindana: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kwenda upande wake. Kuna nyoka, kuna fisi, kuna dawa, kuna kejeli. Hakuna anayempiga mwenzake. Mahasimu hao wanashindania kitu kimoja, macho ya watazamaji, kwa hiyo kadiri uhasimu unavyopamba moto ndivyo uwanja unavyofaidi. Nimeuchukua kama kipimo mezani. Wahusika wawili wakigombana, siwaangalii wao, nawaangalia waliobaki. Wakiwa wameegemea mbele, naacha. Wakianza kuperuzi simu, ugomvi huo hauna watazamaji, na mchezo wa watu watano umegeuka wa watu wawili.

Kuna swali la kiufundi ambalo hugawa meza nyingi. Mhusika wangu akitaka kumshawishi mhusika wako, je, nirushe dadu, na nikishinda ulazimike kukubali? Desturi ya meza nyingi za Dungeons & Dragons ni hapana: dadu za ushawishi ni za watu wa mwendesha mchezo, ila kichwa cha mhusika ni mali ya mchezaji. Nakubaliana nayo, lakini ina kasoro. Mwenye mhusika msemaji hodari, aliyelipia namba zake zote kwenye ulimi, anajikuta hana kitu mbele ya rafiki yake mkaidi. Apocalypse World, wa mwaka 2010, ulipata njia ninayoiona ya akili. Ukirusha vizuri, mwenzako halazimiki. Ila unachagua moja: akikubali anapata alama ya uzoefu, au akikataa anatakiwa arushe dadu yake mwenyewe ili ahimili shinikizo. Ukirusha vizuri sana vyote viwili vinafanya kazi. Mtu yeyote aliyenunua dagaa Mwaloni anaelewa mara moja: hiyo ni nyongeza. Muuzaji hakushiki mkono ununue. Anamwaga kiganja kingine juu ya kisado, wewe mwenyewe unafungua pochi.

Siri nazo zina elimu yake. Vikaratasi vya kunjakunja vinasisimua, nakiri, lakini vinamfurahisha aliyeandika na aliyesoma tu. Siku hizi nawaomba wachezaji waseme siri kwa sauti: "Wenzangu mnasikia, wahusika wenu hawasikii: Sindano anachukua jiwe." Ajabu ni kwamba msisimko unaongezeka. Kila mtu anakuwa kama mtazamaji wa maigizo anayejua nani kajificha uvunguni, anaanza kumpeleka mhusika wake kule kule kitandani makusudi. Anayeibiwa anashiriki kuibiwa.

Nilichelewa kuona jambo moja, na aliyenionyesha ni yule mfanyabiashara wa dagaa. Tulikuwa wawili, tunakusanya vikombe, wiki ile ile ya kisa. Nikamwuliza kwenye mtumbwi mtu akificha samaki inakuwaje. Kule, mapato yakishatolewa mafuta na gharama yanagawanywa, tajiri na chombo chake upande mmoja, wavuvi upande wa pili; anayeficha anawaibia wote. Nilidhani atasema anapigwa.

"Hatumpigi," akasema. "Safari ya kesho hatumwiti."

Nikabaki na kikombe mkononi. Kwa sababu Sindano haachwi. Chombo cha Nahodha kingekuwa cha kweli, mwizi yule angeshushwa kisiwa cha kwanza na mizigo yake. Lakini nyuma ya Sindano yupo rafiki yetu, amekaa kwenye kiti, amechangia soda, na hakuna atakayemwambia aende nyumbani. Kwa hiyo wahusika wanamsamehe mambo ambayo hakuna mabaharia wangeyasamehe. Anaiba akiwa na kinga ya urafiki, kisha anajitetea kwa jina la uhalisia. Huo si uhalisia. Uhalisia ungemwacha gatini.

Na kauli yenyewe, "mhusika wangu angefanya hivyo"? Sindano hajajiandika. Usiku ule angeweza kuiba jiwe, angeweza kujaribu kuliiba akashikwa na aibu, angeweza kumwibia mlinzi wa hekalu funguo ili jiwe lipatikane haraka. Yote ni ya kimwizi. Katika hayo mchezaji alichagua moja. Tena nilipopekua daftari langu la vikao nikagundua kitu kilichonitia joto la aibu: Sindano alikuwa ameshaiba mara nne kutoka kwa wenzake, na mara zote kutoka kwa wahusika wa watu wawili, yule dada na kijana mmoja mgeni wa chuo. Nahodha ndiye mwenye sanduku la fedha. Mwizi yeyote mwenye akili angeanzia hapo. Sindano hakuwahi kumgusa Nahodha hata mara moja, kwa sababu anayemchezesha Nahodha ni mwalimu, amevuka miaka 50, na fundi simu humwamkia shikamoo mlangoni.

Hapa ndipo meza zetu zina fundo lao ambalo kanuni za kigeni hazilioni. Umri na heshima havivuliwi mlangoni pamoja na viatu. Tulikuwa na kampeni ambamo kijana wa chuo alikuwa mtemi na mwalimu mtumishi wake, mtemi akatoa amri hivi: "Mwalimu, samahani, kama hutajali, naomba ukafunge mtumbwi." Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Lakini upande wa pili wa sarafu hauchekeshi. Mgeni mmoja wa makamo, ambaye hakuendelea nasi, mhusika wake alishindwa hoja na mhusika wa kijana, akaweka chini karatasi na kusema: "Kumbuka mimi na baba yako tulisoma pamoja." Kijana akanyamaza. Mhusika wake "akabadili mawazo". Ukitazama kwa juu utasema ugomvi ulikwisha vizuri.

Ndiyo maana ninapoeleza jambo hili kwa watu wa kwetu, naanza na kuangalia nani anaibiwa, nani anakatwa kauli, nani mhusika wake hutumwa mbele kupima mtego. Ikiwa kila mara ni mdogo kuliko wote, mgeni kuliko wote, au mwanamke pekee mezani, huhitaji kusoma kanuni. Unachokiona ni maisha ya kawaida yaliyovaa kofia ya mchawi.

Dawa zipo na si ngumu. Kikao cha kwanza kabla ya kampeni, bila dadu, watu wanakubaliana: humu tutaibiana? tutauana? yapi hayaguswi kabisa, yapi yatatajwa tu na pazia likashushwa? Wengine huweka mezani kadi yenye herufi X, wazo lililosambazwa na John Stavropoulos. Anayeigusa, tunaruka tukio hilo bila maswali. Kwetu kadi ilikaa miezi bila kuguswa, kwa sababu kugusa kitu mbele ya wakubwa ni kama kupinga, mpaka mwalimu mwenyewe alipoigusa siku tulipoanza kuelezea chombo kinachozama. Baada ya hapo ikawa kadi ya kila mtu.

Na tuna kanuni moja ya nyumbani: mhusika akimfanyia mhusika mwenzake jambo baya, anayefanyiwa ndiye anayeamua limefanikiwa au la. Ukitaka kuniibia, sawa; mimi nitasema kama umeweza. Wageni huiona ya kitoto, wanadhani kila mtu atasema "hujaweza". Jaribu. Watu wakishika funguo za mlango wao wenyewe, huwafungulia wezi kwa ukarimu wa kushangaza. Na ugomvi ukishapenya tayari, sauti zimepanda, kuna kitu kimoja tu tunachofanya: dadu zinarudi kwenye kopo na tunaacha majina ya wahusika. Ni ngumu kuendelea kuwa Sindano mtu akikuita jina alilokupa mama yako.

Dada nilimfuata mimi, kwake, na maneno yangu yalikuwa mafupi: kikaratasi kile nilikipokea mimi, nami ndiye niliyeruhusu dadu irushwe. Fundi simu naye alikuja siku ya pili yake, akiwa na kava jipya la simu kama faini. Tuliwaza kurudisha hadithi nyuma, jiwe liwe halijaibwa. Dada akakataa. Alikuwa na sharti lingine: mhusika wake ajue jiwe lilipo, na Sindano asijue kwamba anajua.

"Lakini mimi nitajua," fundi simu akasema.

"Wewe ujue. Nataka ujue kabisa."

Huu ni mwezi wa nne. Jiwe limo ndani ya gunia la muhogo, tezini. Kila kikao, kabla hatujafika popote, dada anatangaza kwamba mhusika wake ana njaa na anakwenda kutazama kama kuna muhogo. Anafungua gunia. Anachukua muhogo mmoja. Analifunga tena taratibu, huku akimwangalia fundi simu machoni, na Sindano, maskini, anatakiwa aendelee kupiga mluzi kana kwamba hakuna kitu.

Muhogo umebaki kama vipande saba.